Bawabu wa Myuoni

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya bawabu. Si bawabu wa hoteli ya Shangani, bali ni mtambo uliowekwa chini ya ardhi karibu na mji wa Geneva, katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Wataalamu huuita triga. Kazi yake ni kuamua nani aingie na nani arudishwe, na anayerudishwa haonekani tena.

Wanaobisha hodi ni chembe ndogo mno, na ninayoitaka leo huitwa myuoni. Ni ndugu wa elektroni, ila uzito wake ni kiasi cha mara 207. Kwetu si mgeni. Miale kutoka mbali angani ikigonga hewa ya juu huzizaa myuoni, nazo hutunyeshea usiku na mchana. Kunjua kiganja hapo barazani ulipokaa: takriban moja hukipenya kila sekunde. Hata kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hazizizuii zote.

Kule CERN myuoni hutafutwa katika vishindo vya protoni zinazogonganishwa. Kati ya mwaka 2015 na 2018 makundi ya protoni yalikutana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Hapana ghala la kuweka habari zote hizo. Sasa igawe sekunde moja mafungu milioni: bawabu wa kwanza wa chombo kiitwacho ATLAS alipewa mafungu mawili na nusu tu ya kuamua. Akabakisha matukio yasiyozidi 100,000 kwa sekunde, kisha kompyuta zikayachuja hadi kiasi cha 1,000. Yaliyosalia yakapotea moja kwa moja.

Bawabu huitambuaje myuoni? Chembe nyingi hukwama katika matabaka mazito ya chuma, lakini myuoni hupenya. Kwa hiyo vigunduzi vyake huwekwa nje kabisa, tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja likilia peke yake, huenda ni kelele tu. Yakilia kadhaa kwa wakati mmoja, tena katika njia inayotokea pale penye mgongano, hapo pana ushahidi. Tena sumaku huipinda njia ya myuoni. Iliyopinda kidogo ndiyo yenye nguvu, na hiyo hufunguliwa mlango.

Sisi jambo hili tunalijua. Mwezi wa Idi hautangazwi kwa kauli ya mtu mmoja. Akisema wa Nungwi ameuona, na wa Kizimkazi naye akasema, na wote wawili ni waadilifu, neno lao huwa na uzito.

Tarehe 4 Julai 2012 CERN ilipotangaza kuonekana kwa chembe mpya, ile ya Higgs, sehemu ya ushahidi ilikuwa migongano iliyotoa myuoni nne. Laiti bawabu angeirudisha migongano ile, asingelijua mtu kwamba ilipita.

Na hapa ndipo penye hatari. Bawabu humfungulia yule aliyeambiwa amtarajie. Je, akija mgeni asiyetarajiwa? Wajenzi wa mitambo hii wanaijua hofu hiyo. Ndiyo maana huamrisha sehemu ndogo ya matukio ipokewe kwa bahati nasibu tu, bila ya kuulizwa sifa. Kwa njia hiyo bawabu mwenyewe hupimwa: anawarudisha wanaostahili kurudishwa, au amezoea?

Nasema haya kwa sababu na sisi tuna milango yetu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakafariki. Sisemi kwamba hapakuwa na wa kusikiliza. Matengenezo yalikuwa yakiendelea siku ile ile. Nasema kwamba jumba likianguka, kama tukio lililokataliwa, halirudi lilivyokuwa. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe zimo nyumba nyingi za rika lake. Mama akimwendea sheha kusema ufa wa ukuta umepanuka, habari yake itapita kwa mabawabu wangapi? Na wote wameambiwa watafute nini?

Kuchuja hakuepukiki, hata CERN wameshindwa kuyaweka yote. Lakini kila anayechuja malalamiko ya watu naachukue machache katika aliyoyakataa, bila ya kuchagua, atoke ofisini akayatazame kwa macho yake. Akikuta alikataa kwa haki, hakupoteza ila saa moja ya kutembea. Akikuta kinyume chake, pengine ameokoa roho za watu.