Upara si Ugonjwa, Lakini Unaweza Kumaliza Pesa za Kikundi

Haya ni mazungumzo ya muuguzi mstaafu kwa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya afya. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, ili vikundi ambavyo havikufika viyasome na kuyajadili.



Kabla sijaanza, wacha nivue kofia. Haya, chekeni. Chekeni mmalize, halafu tusikizane. Mimi nilianza kupoteza nywele nikiwa na miaka 27. Kwanza panja zote mbili zilirudi nyuma, halafu utosi ukaanza kuwa mwepesi, na nilipofika miaka 40 sehemu hizo zikakutana. Leo nina miaka 66 na hizi mnazoziona pembeni ndizo zilizobaki. Kwa hivyo haya siyasemi kama mtu aliyeyasoma tu kwa kitabu.

Nimeombwa nizungumze kwa sababu ya jambo lililotokea katika kikundi kimoja. Mwenyewe ameniruhusu niwaeleze, bila kutaja jina lake. Kijana wa miaka 29, mwenye mke na watoto wawili, alikopa shilingi 8,000 kutoka kwa kikundi. Alisema ni za mbolea. Kumbe pesa zote alimpelekea mtu aliyekuwa akiuza dawa ya kuotesha nywele siku za soko. Akapewa chupa tatu, hazina jina wala tarehe, akaambiwa ajipake usiku na asioshe. Siku ya tatu kichwa kilijaa malengelenge. Alikuja kwangu usiku amejifunga taulo, kwa sababu aliona haya kwenda dispensari mchana.

Mahindi yake yalipandwa bila mbolea. Mkopo haukurudi kwa wakati. Mama mmoja aliyekuwa akingojea zamu yake alikosa karo, na mtoto wake akakaa nyumbani wiki mbili. Kikundi kilikaribia kuvunjika. Na sababu ni nini? Nywele!

Lakini tuwe wakweli, si nywele peke yake. Ni yale maneno tuliyokuwa tukimwambia. Tulimwita "mzee" naye ni kijana. Tulimwuliza kama anakopesha pesa, kwa sababu ati mwenye kipara ni tajiri. Hata mimi nilicheka, mimi na kichwa hiki! Mtu akichekwa kila siku, siku moja atanunua chochote.

NYWELE HUOTA NAMNA GANI

Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000. Kila unywele unatoka katika kishimo chake kidogo ndani ya ngozi. Unakua karibu sentimita moja kwa mwezi, na unaendelea kukua kwa miaka miwili hadi sita. Halafu unapumzika kama miezi mitatu, unaanguka, na mwingine unaota pale pale. Kwa hivyo kila siku mtu hupoteza nywele 50 hadi 100, na hiyo ni kawaida. Usiogope ukiona nywele chache kwa kitana.

Katika upara wa kiume, kishimo chenyewe ndicho kinachobadilika. Kila unywele ukianguka, ule unaofuata unakuwa mwembamba na mfupi kuliko wa kwanza. Ni kama mtu anayepanda mbegu za mahindi ya mseto alizochagua kutoka kwa mavuno yake mwenyewe: mwaka wa kwanza bua refu, mwaka wa pili fupi, na kila msimu linazidi kudhoofika. Mwishowe unabaki na malaika laini tu, halafu hata hayo hayaonekani. Jambo hili huchukua miaka mingi. Halitokei kwa wiki moja.

UPARA UNATOKA WAPI?

Unatoka kwa mambo mawili yakikutana: homoni ya kiume na urithi.

Nyinyi wafugaji mnajua fahali na maksai si sawa. Ukimhasi dume mapema, shingo yake haiwi nene na ukali unapungua, kwa sababu ile homoni ya kiume haipo. Mwaka 1942 mtafiti wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliokosa homoni hiyo tangu kabla ya kubaleghe hawapati upara. Walipopewa homoni, wale ambao kwao kulikuwa na upara wakaanza kupoteza nywele. Wale ambao kwao hakuna, nywele zao zikabaki.

Baadaye ikajulikana kwamba mwili hugeuza homoni hiyo, testosteroni, kuwa nyingine yenye nguvu zaidi ambayo madaktari huiita DHT. Hii DHT ndiyo inayodhoofisha vile vishimo vya mbele na vya utosini, kwa mtu aliyerithi vishimo vya aina hiyo. Vishimo vya pembeni na vya kisogoni havijali. Ndiyo maana hata mzee mwenye upara mkubwa hubaki na nywele kama shada kuzunguka kichwa.

Sikilizeni hapa vizuri. Mwenye upara hana homoni nyingi kuliko wengine, wala hana upungufu. Hazidi mtu nguvu za kiume, wala hapungukiwi. Na urithi hautoki kwa baba peke yake. Unaweza kutoka kwa mama pia, kwa hivyo mwangalie baba yako, na uwaangalie wajomba.

Kwa hiyo upara hauletwi na kofia, wala kubeba mzigo kichwani, wala maji moto, wala kufikiri sana. Haiwezekani mtu achukue nywele zako za kinyozi akakutoa nywele za kichwani. Na kunyoa mara kwa mara hakufanyi nywele ziote nyingi.

Imani za namna hii si mchezo. Mwezi wa Juni 2017 polisi wa Msumbiji walitangaza kwamba wanaume wenye upara wameuawa katika wilaya ya Milange, jimbo la Zambezia, kwa sababu watu waliamini ati vichwa vyao vina dhahabu. Ule mzaha wetu wa "kipara ni pesa" ukipelekwa mbali unafika huko. Hata kitabu cha Walawi, sura ya 13, kinachoeleza jinsi makuhani walivyokagua magonjwa ya ngozi, kinasema kwamba mwenye upara ni safi. Kama yeye hakutengwa na watu, sisi tunamtenga kwa nini?

JE, KUNA DAWA?

Ziko mbili zilizothibitishwa na utafiti. Nitawaeleza zote, pamoja na ubaya wake.

Ya kwanza ni ya kupaka, jina lake minoksidili. Kwenye chupa utalikuta limeandikwa minoxidil. Ilianza kama tembe za presha, halafu madaktari wakaona wagonjwa wanaota nywele mwilini. Mwaka 1988 ikaidhinishwa Marekani kama dawa ya kupaka kichwani. Mwanaume hupaka mililita moja asubuhi na moja jioni, kwenye ngozi kavu isiyo na kidonda. Wiki za kwanza nywele zinaweza hata kuanguka zaidi, usishtuke. Matokeo huonekana baada ya miezi minne au zaidi. Wengine ngozi inawawasha. Ukiona moyo unaenda mbio au kifua kinauma, iache na umwone daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza. Iwekwe mbali na watoto, kwa sababu ikinywewa ni hatari.

Ya pili ni tembe, finasteraidi. Inazuia ile DHT isitengenezwe kwa wingi. Mwaka 1992 ilianza kutumika kwa wazee wenye tezi dume iliyovimba, na mwaka 1997 ikaidhinishwa kwa upara, tembe ndogo ya miligramu moja kwa siku. Hii lazima iandikwe na daktari. Wanaume wachache hupungukiwa na hamu ya unyumba au nguvu, na wengine huingiwa na huzuni nzito. Mambo kama hayo yakianza, mwambie daktari upesi. Mama mjamzito asiishike tembe iliyovunjika, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Na mzee anayeenda kupimwa damu kwa ajili ya tezi dume aseme kwamba anaitumia. Inashusha kile kipimo karibu nusu, na ugonjwa unaweza kujificha.

Dawa hizi husaidia zaidi aliyeanza mapema, na kazi yake kubwa ni kuzuia zilizobaki zisiende. Kichwa kama changu, kilicholaini miaka 25, hakirudi. Kuna pia upasuaji wa kutoa vishimo kisogoni na kuvipanda mbele, lakini ni wa gharama kubwa.

PIGA HESABU KWANZA

Ukiacha dawa hizi, nywele zilizookolewa huanguka tena kwa muda wa miezi, mpaka unafika pale ungekuwa bila dawa. Sasa angalieni. Chupa ya minoksidili ya mililita 60, kwa mililita mbili kila siku, inaisha kwa siku 30. Hizo ni chupa 12 kwa mwaka. Nenda kemisti uulize bei ya chupa moja, uizidishe kwa 12, halafu uizidishe tena kwa 10, kwa sababu miaka 10 si mingi kwa kijana. Weka jibu hilo kando ya karo na mbolea. Ukiona unaweza, nunua, ni pesa yako na hakuna aibu. Ukiona huwezi, usianze.

Na ununue kwa duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa isiyo na jina, isiyo na tarehe, inayoahidi nywele kwa wiki mbili, iache huko huko sokoni. Umesikia sasa kwamba unywele hukua sentimita moja kwa mwezi. Wiki mbili ni nusu sentimita. Anayekuahidi kichwa kizima anakudanganya.

SI KILA KUPOTEZA NYWELE NI UPARA HUU

Nenda dispensari kama unaona mambo haya:

- Mabaka ya mviringo yenye magamba kwa kichwa cha mtoto. Hayo ni mapunye. Yanatibiwa kwa tembe za kumeza kwa wiki kadhaa, mafuta ya kupaka peke yake hayafiki ndani.
- Nywele zinazotoka ghafla kwa mabaka laini, au zinazopungua huku na huku kama zimeliwa na nondo. Kaswende inaweza kufanya hivyo, na inatibika.
- Nywele zinazoanguka nyingi miezi miwili au mitatu baada ya homa kali au kujifungua. Mara nyingi hizi hurudi zenyewe, lakini mama apimwe kama ana upungufu wa damu.
- Vipele vigumu kisogoni baada ya kunyoa. Acha kunyoa karibu sana na ngozi, na uvionyeshe mapema kabla havijawa makovu makubwa.
- Akina mama na wasichana wanaopoteza nywele pembeni mwa paji la uso. Hapo ni kusuka kwa kukaza sana. Legezeni mapema, kwa sababu kishimo kikishakuwa kovu hakioti tena.

Na wewe unayeamua kunyoa zote kama mimi, kila mtu na wembe wake. Wembe wa kugawana unaweza kupitisha virusi vya ukimwi na vya ugonjwa wa ini. Kinyozi asafishe mashine na kuipaka spiriti kabla ya kila kichwa, nawe usione haya kumwambia. Jua likiwa kali, vaa kofia. Kofia yangu ni ya jua, si ya kujificha.

YULE KIJANA

Najua mnataka kujua aliishia wapi. Kichwa kilipona baada ya kama wiki tatu, lakini upande mmoja kumebaki kovu, na pale nywele hazitaota tena. Zile ambazo upara haukuwa umezichukua, zilichukuliwa na dawa.

Kikundi kilikaa chini. Wengine walitaka atolewe. Yule mama aliyekosa karo ndiye aliyesema, "Tulimcheka sote, na deni tulibebe sote." Wakakubaliana alipe shilingi 500 kila mwezi, kwa miezi 16. Ameshalipa miezi tisa. Na wakaweka sheria mbili: mkopo wa pembejeo ulipwe moja kwa moja kwa duka la pembejeo, na katika mkutano hakuna mtu kuitwa kwa kasoro ya mwili wake. Faini ni shilingi 20. Wa kwanza kulipa ile faini alikuwa mimi.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayechekwa kwa sababu ya mwili wake? Tumewahi kumwuliza anajisikiaje?
2. Mkopo ukitolewa, tunajuaje kwamba umefanya kazi iliyosemwa?
3. Ni dawa gani zinazouzwa sokoni kwetu bila jina wala tarehe? Tutawaambiaje majirani?
4. Vinyozi wetu wanasafisha mashine namna gani? Nani atakwenda kuzungumza nao kabla ya mkutano ujao?