KARANI NA KITI CHAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema machache juu ya afya ya mtu afanyaye kazi ya kuketi. Hatukuja kama waganga. Tumekuja kama makarani wenzenu, ambao suruali zetu zimekwisha pelekwa kwa fundi mara mbili zipanuliwe kiunoni, na ambao tukipanda ngazi za ofisi hatuwezi kuitikia salamu mpaka tupumue kwanza.

Kwetu kitambi huhesabiwa kuwa dalili ya cheo. Mtu akinenepa, jamaa husema mshahara umemkubali. Na karani aendaye kwa miguu huonewa huruma. Twaomba leo tuipime heshima hiyo, maana gharama yake ni kubwa.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza habari za watu wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva aliketi kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ikaonekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Katika posta pia, wapeleka barua walikuwa salama kuliko makarani wa mezani.

Lakini mwaka 1956, walipotazama vipimo vya sare, waliona kuwa hata madereva vijana walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta wa umri wao. Basi haikuwa wazi kwamba kiti peke yake ndicho chenye kosa. Kwa hiyo Morris akawachunguza watumishi wa Serikali ya Uingereza, watu wa mezani kama sisi, wapatao 17,000. Mwaka 1973 ikatangazwa kwamba wale waliofanya mazoezi ya nguvu nje ya kazi waliugua moyo kwa uchache sana kuliko wenzao. Wote waliketi, tofauti ilikuwa katika saa za mapumziko.

Je, katika ofisi zetu ni nani atembeaye? Ni tarishi. Sisi hugonga kengele tukamtuma apeleke faili chumba cha pili, hatua ishirini tu. Twadhani twajipa heshima, kumbe twampa yeye afya yetu.

Basi twashauri hivi. Faili la chumba cha jirani tulipeleke wenyewe. Kila saa tuinuke kitini, tunyooshe miguu. Akaaye karibu aje kwa miguu. Akaaye mbali ashuke kituo kimoja kabla ya ofisi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, lilishauri watu wazima watembee kwa bidii, au wafanye kazi ya namna hiyo, dakika 150 mpaka 300 kwa juma; nusu saa kwa siku tano yatosha kuanzia. Tena chai ya saa nne ipunguziwe sukari na maandazi, kwa kuwa miguu haiwezi kushindana na mkono usiozuilika.

Ndugu zetu, wengi wetu twahesabu miaka iliyobaki mpaka pensheni. Haifai mtu aitumikie miaka thelathini, kisha mjane aipokee peke yake.

Twawashukuru kwa kutusikiliza mkiwa mmeketi. Sasa twaomba tusimame.