Safura Si Uvivu



Mara ngapi tumeandika "mvivu" mbele ya jina la mtu ambaye damu yake inanyonywa tumboni? Safura huletwa na minyoo midogo. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao milioni 1,500 wana minyoo ienezwayo kwa udongo. Kidonge kimoja cha albendazoli, miligramu 400, huiondoa iliyo mingi. Lakini pasipo choo, aliyetibiwa hukanyaga udongo ule ule akaugua tena.

Basi kabla hatujamhukumu mtu, na tuulize: je, kwake kuna choo? Na vyetu sisi vikoje?