Safari ya Saa 15: Nairobi hadi New York

 

Leo tuzungumze juu ya safari ndefu ya ndege. Huenda binti yako aliye Marekani amejifungua, na anataka nyanya aende amsaidie kulea. Au wewe mwenyewe unampeleka mtoto kwa baba yake. Je, umejitayarisha?

Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Ni sawa na kwenda Mombasa kwa barabara na kurudi zaidi ya mara 12! Safari ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua kama saa 15. Ukibadilisha ndege njiani, unaweza kumaliza siku nzima au zaidi.

Kuketi muda huo wote kuna hatari. Damu hupita polepole miguuni na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likifika kwenye mapafu linaweza kuua. Hatari huongezeka safari inapozidi saa 4, hasa kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, au aliyewahi kuganda damu. Kwa hivyo inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili. Ukiwa umeketi, zungusha nyayo. Kunywa maji mara kwa mara.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, hata wiki kadhaa baada ya safari, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Mwambie daktari kwamba ulisafiri kwa ndege.

Mama mjamzito, mashirika mengi ya ndege hayakubali kukubeba baada ya wiki 36, au wiki 32 ikiwa una mapacha. Mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki 28. Uliza kabla ya kulipa nauli.

Mtoto mchanga huumwa na masikio ndege inapopaa na inapoteremka. Mnyonyeshe wakati huo. Kunyonya na kumeza hufungua masikio. Kama amelala ndege inapoanza kushuka, mwamshe anyonye. Tafadhali usimpe dawa ya kikohozi au ya mafua ili alale. Dawa hizo zinaweza kumfanya ashindwe kupumua vizuri.

Sasa dawa zako. Kama unameza dawa za presha, za sukari au ARV, zibebe katika mkoba wa mkononi, zikiwa kwenye pakiti zake. Sanduku linaweza kupotea. Kumbuka pia tofauti ya saa. Ukiondoka Nairobi saa sita usiku, baada ya saa 15 mwili wako unajua ni saa tisa alasiri, lakini New York ni saa moja au saa mbili asubuhi. Ukifuata saa ya ukutani tu, unaweza kuruka dawa au kuimeza mara mbili. Mwulize muuguzi akuandikie ratiba. Kama unadunga insulini, usiondoke kabla ya kuonana na daktari.

Mama, kabla ya kukata tiketi, pitia kliniki kwanza. Ushauri huo unaweza kukuokoa wewe na mtoto.

 Safirini salama.