Tuliyoona na Tunayodhani

Mazungumzo na kamati za waliohama makwao, viongozi wa kartie na watu wa kujitolea, Kisangani



Leo hatukuleta msaada wa kugawa. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja linaloharibu kazi nyingi: namna kundi la watu wanaofanya kazi pamoja linavyochukua dhana na kuifanya habari ya kweli.

Labda mtu atasema, "Sisi hatuna ofisi, hatuna mshahara, hayo ni mambo ya watu wa mashirika." Hapana. Kamati yenu ni mahali pa kazi. Kuna watu wa maji, wa usafi, wa watoto na wa ugawaji. Kuna mikutano, orodha na lawama. Tena ninyi mnafanya kazi hiyo mkiwa mmelala vibaya, mmekula kidogo, na bado mnafikiri juu ya nyumba mliyoiacha. Katika hali kama hiyo, dhana inakua upesi sana.

Tuchukue mfano. Orodha ya kupokea sabuni na mablanketi imebandikwa. Familia kumi na mbili hazioni majina yao. Mjumbe mmoja wa kamati anasema, "Wametuondoa kwa sababu ya kabila letu." Mwingine anasema, "Mwandishi wa orodha amekula pesa." Jioni hiyo wajumbe hawasalimiani. Kesho yake vijana wanasimama katika makundi mawili.

Sasa tuulize: ni nini tulichokiona kwa macho yetu? Tuliona orodha. Tulihesabu familia kumi na mbili ambazo hazimo. Hayo tu. Sababu hatukuiona. Pengine jina liliandikwa kwa namna nyingine. Pengine familia iliandikwa kwa jina la mume, na mama anatafuta jina lake. Pengine ukurasa mmoja haukubandikwa. Na pengine ni kweli kwamba mtu aliwaondoa kwa makusudi. Yote yanawezekana. Lakini kabla ya kuuliza, hakuna hata moja tunalolijua.

Hatusemi kwamba mwenye hofu ni mjinga. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mji huu umeumwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za raia. Mwezi wa pili mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulilipuka katika komuni ya Lubunga. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na familia nyingi zilivuka mto na kuacha kila kitu. Mtu aliyepita katika hayo, akili yake imejifunza kutazamia baya zaidi. Kujifunza huko kuliwaokoa wengi waliokimbia mapema. Lakini hofu iliyotusaidia kukimbia haitufai tunapokaa kwenye meza moja kugawa kazi.

Jirani zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri walituonyesha dhana inaweza kufika wapi. Ebola ilitangazwa kule tarehe 1 mwezi wa nane 2018, na ikaisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wengi waliamini kwamba ugonjwa ulikuwa biashara, au kwamba mgonjwa anayeingizwa katika kituo anauawa huko. Dhana hizo zilikuwa na mizizi: watu walikuwa wameona mauaji kwa miaka mingi bila kusaidiwa, kisha ghafla wakaona magari na pesa nyingi. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, na wahudumu wa afya waliuawa.

Kilichosaidia si kuwatukana watu kwamba ni wajinga. Wahudumu wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakaaji wa palepale waliandika maneno ya watu jinsi yalivyosemwa, ili wakubwa wa kazi wajue cha kujibu. Katika vituo vingine vililetwa vyumba vya plastiki vinavyoonyesha ndani, na familia iliweza kumwona mgonjwa wake na kuzungumza naye. Palipokuwa na ukuta, pakawa na dirisha. Tukumbuke hilo, ndugu viongozi: mahali msipoonyesha, watu watajaza wenyewe, na watajaza kwa hofu.

Wengine wametuuliza, "Je, mnataka tunyamaze tunapodhulumiwa?" La, hasha. Kutenganisha tuliyoona na tunayodhani kunatia nguvu malalamiko. Mnajua kesi ya nchi yetu na Uganda katika Korti ya Kimataifa ya Haki, huko La Haye. Mwaka 2005 korti ilisema Uganda ina hatia. Kongo iliomba malipo ya dola zaidi ya bilioni 11. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 korti iliamua dola milioni 325. Mahakimu walieleza kwamba kwa sehemu nyingi za madai, ushahidi haukutosha. Hii haina maana kwamba watu hawakuumia. Wana Kisangani wanajua walivyoumia. Ina maana kwamba uchungu peke yake hausimami mbele ya hakimu. Jina, siku, mahali, na nani aliyeona: hivyo ndivyo vinavyosimama. Ni vivyo hivyo mbele ya shirika, mbele ya bourgmestre, na mbele ya kamati yenu wenyewe.

Basi tufanye nini? Tunawaomba mjaribu njia hii katika mkutano wenu ujao. Chukueni karatasi moja, mwigawe sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza: tuliyoona au kusikia wenyewe. Kila neno liwe na mwenyewe. "Watu wanasema" halina mwenyewe, lisiandikwe hapa.

Sehemu ya pili: tunayodhani. Andikeni yote bila kuchekana. Dhana ikiandikwa mbele ya wote, nguvu yake hupungua. Ikibaki moyoni, huongezeka.

Sehemu ya tatu: tutakayouliza. Andikeni swali, jina la mtu atakayekwenda kuuliza, na siku atakayoleta jibu. Ikiwa jambo linagusa makabila mawili, waende wawili, mmoja wa kila upande, wasikie jibu moja kwa masikio manne.

Mjihadhari na maneno manne: "siku zote," "wote," "wale," na "kwa makusudi." Mtu akisema, "Wale siku zote wanatufanyia hivi," mwombeni kwa upole: mama, baba, tuambie mara ya mwisho ilikuwa lini, na ni nani uliyemwona? Usimuulize kama polisi. Muulize kama ndugu anayetaka kusaidia.

Iko hali moja isiyongoja karatasi. Mtu akitishwa, au watu wakionekana wanakusanya silaha, peleka habari mara moja kwa wanaohusika na ulinzi, na uwaondoe watoto. Lakini hata hapo, sema uliyoyaona tu: watu wangapi, wapi, saa ngapi. Kijana aliyeona watu watano akisema "jeshi zima linakuja," anaweza kuwafanya watu wakimbilie mtoni usiku.

Mwisho, tunawageukia ninyi viongozi, na sisi watu wa mashirika pamoja nanyi. Hatuwezi kuwaambia wakaaji waache dhana huku tukificha orodha. Kila orodha ibandikwe pamoja na sababu ya kuchagua watu, mahali pa kulalamika, na siku ya kupata jibu. Na kama hakuna jibu siku hiyo, njooni mseme, "Bado hatujapata, tutarudi siku fulani." Neno hilo ni dogo, lakini linazuia mengi.

Siku moja ninyi mtarudi ng'ambo, na mtakaa tena na majirani ambao leo mnawaogopa. Mtakuwa na mipaka ya mashamba ya kujadili, na maneno magumu ya kusema. Desturi ya kuuliza kabla ya kuhukumu tuianze hapa, kwenye mambo ya sabuni na mablanketi, ili tuwe nayo siku ya kuzungumzia ardhi.