Mgema Akisifiwa
(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya biashara. Mimi ni mtumishi wa serikali. Sina duka wala kiwanda. Lakini nimesoma sana habari za makampuni yaliyoinuka na yaliyoanguka. Leo nimechagua yale ambayo vijana wanayafahamu kuliko sisi: watengenezaji wa mitambo ya michezo ya video.

Kwanza tuielewe biashara yenyewe. Siku hizi mtambo mara nyingi huuzwa kwa faida ndogo, au hata kwa hasara. Faida hutoka kwenye michezo, kwa kuwa watunga michezo humlipa mwenye mtambo ada. Basi mali kubwa ya kampuni ni imani ya watu wawili: anayenunua mchezo na anayeutunga.

Kampuni ya Atari ya Marekani ilianzishwa mwaka 1972, na kufika mwaka 1982 ilikuwa ikiongoza soko. Hapo mgema akasifiwa. Watunga michezo wake hodari walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa kuona hawatambuliwi wala hawalipwi inavyostahili. Baadhi yao wakashiriki kuanzisha Activision mwaka 1979. Atari nayo ikautoa mchezo wa E.T. uliotungwa kwa muda wa majuma matano hivi, ili uwahi Krismasi ya 1982. Tembo likatiwa maji. Wanunuzi wakakasirika, na mwaka 1983 kaseti nyingi zikazikwa kwenye jaa la taka huko Alamogordo, New Mexico. Zilifukuliwa mwaka 2014. Soko zima la Marekani lilianguka pamoja naye.

Aliyeliinua ni Nintendo ya Kyoto, Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Ilipoingia Marekani mwaka 1985 iliweka masharti magumu: hakuna mchezo bila idhini yake, na mtungaji mmoja asitoe zaidi ya michezo mitano kwa mwaka. Mnunuzi akarudisha imani.

Lakini Nintendo nayo ikalewa sifa. Ilikuwa imepatana na Sony kutengeneza kifaa cha kuchezea diski. Mwaka 1991, hadharani, ikageuka na kuungana na Philips ya Uholanzi. Sony haikulia. Mwaka 1994 ilitoa PlayStation. Diski ilikuwa rahisi kutengeneza kuliko kaseti, nayo Nintendo ikang'ang'ania kaseti, hata watungaji wakubwa wakahamia kwa Sony. PlayStation hiyo ya kwanza iliuzwa zaidi ya milioni 100; Nintendo 64 haikufika milioni 35.

Sega, iliyowahi kuitikisa Nintendo, mwaka 2001 iliacha kabisa kutengeneza mitambo. Leo mhusika wake Sonic anachezwa katika mitambo ya Nintendo, mpinzani wake wa zamani.

Nintendo yenyewe ilipanda tena kwa Wii ya 2006, iliyopita milioni 100; ikashuka kwa Wii U ya 2012, isiyofika milioni 14; ikainuka kwa Switch ya 2017, iliyopita milioni 150. Katika biashara hii, ushindi wa jana haumlishi mtu kesho.

Ndugu zangu wa zamani, tukikutana hapa tunapenda kukumbushana kwamba shule yetu ilikuwa ikiongoza. Ni kweli. Atari nayo ilikuwa ikiongoza. Mzazi atakayemleta mwanawe mwakani hatauliza sisi tulipata daraja gani. Atauliza nani anafundisha hesabu. Na mwalimu mzuri wa hesabu akiondoka kwa kuwa nyumba yake inavuja na hakuna anayejali, hatutamrudisha kwa kumwonyesha picha zetu ukutani.

Mchana huu kamati itaamua juu ya fedha za mchango. Nimesikia wazo la kujenga lango jipya lenye majina yetu. Kwa heshima zote, naomba lango lingoje. Tuanze na mabati ya nyumba za walimu.

Nanyi vijana, mkisifiwa kwa matokeo ya mwaka jana, shukuruni, kisha mrudi darasani.