MANENO MAWILI YA MIZANI: "GROSS" NA "NET"

Mazungumzo ya kamati ya elimu, siku ya kufungua ununuzi wa mahindi



Msimu uliopita nusura tupigane hapa penye mizani. Mwenzetu alishika risiti yake, akaona namba mbili: Gross 101, Net 100. Akauliza, "Kilo yangu moja imekwenda wapi?" Karani akaitwa mwizi mbele za watu, kumbe hakuiba kitu. Kosa lilikuwa letu sisi kamati. Tuliweka risiti za Kiingereza wala hatukumweleza mtu.

Basi leo tuelezane. "Gross" ni uzito wa vyote pamoja, mahindi na gunia lake. "Net" ni uzito wa mahindi yenyewe, gunia limeshatolewa. Maneno yote mawili Waingereza waliyapata kwa Wafaransa: la kwanza lina maana ya kitu kikubwa, kinene, la pili, kitu safi. Kwa Kiswahili tunasema uzito ghafi na uzito halisi. Ile kilo moja ilikuwa ni gunia la katani, na gunia hatulinunui.

Mzee mmoja alituuliza, "Net si chandarua?" Kweli, chandarua nacho huitwa hivyo, hata wavu wa samaki. Ni kama kwetu paa la nyumba na paa wa porini. Na "gross" dukani huweza kuwa hesabu ya vitu 144, yaani dazeni 12. Kwa hiyo tusilikamate neno peke yake, tutazame limekaa wapi.

Faida yake ni nini? Sikilizeni mambo mawili.

Kwanza, mfuko wa mbolea ukiandikwa Net 50 kg, maana yake mbolea tupu ni kilo 50. Ukiuweka mzanini pamoja na mfuko wake lazima uzidi 50 kidogo. Ukipungua, umepunjwa. Usiupokee.

Pili, mpimaji akiweka kwanza gunia tupu, kisha akarudisha mizani kwenye sifuri, basi namba itakayosomeka ukipima mahindi ndani ya gunia la namna ile ile ni uzito halisi tayari. Akitoa tena kilo ya gunia, hapo ndipo unaibiwa. Kwa magunia 10 ni kilo 10 za jasho lako. Sema pale pale, lakini kwa adabu.

Ndugu, karani tumeshamwomba radhi. Kuanzia msimu huu risiti zetu zitaandikwa Kiswahili: UZITO GHAFI, GUNIA, UZITO HALISI. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti kabla hajaweka dole gumba. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutia sahihi jambo usilolielewa, halafu ukaenda kununa nyumbani.